Miaka Yangu ya Benchi la Mlangoni

Kwanza ieleweke kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka kilima chetu, huku Kirua Vunjo, kwenda Ulaya kusomea maji. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najisifu. Nilikaa Bulgaria miaka ya kutosha kuzoea mtindi na kabichi iliyochacha, nikarudi na stashahada yenye muhuri mwekundu, koti refu la baridi ambalo Moshi mjini halina kazi, na tabia ya kutembea nimefunga mikono nyuma. Sikurithi duka wala sikubebwa na mjomba. Zama za ruksa zilipokuja na biashara ikafunguliwa, nikaanza kuuza pampu na mabomba mjini, nikanunua pikapu iliyokwisha kutumika Japani, nikajenga nyumba ya matofali kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, yenye bomba la maji ndani ya jiko. Majirani walikuja kulifungua na kulifunga. Niliwaacha wafungue na kufunga, nikisimama pembeni kama mtu asiyejali.

Kwa hiyo usharika wetu ulipotaka kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati la kanisa, sikushangaa kuchaguliwa mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi. Nilishangaa tu kwamba walipoteza muda kupiga kura.

Kamati yangu ilifanya kazi. Nilichora mchoro kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu za rangi, wenye tangi nyuma ya kanisa upande wa mlimani, na chujio la mchanga la hatua kadhaa ambalo, nawahakikishia, halikuwepo mahali popote Kilimanjaro. Tulikaa vikao. Wajumbe walisinzia, lakini walisinzia kwa heshima. Masika ilikuja ikamwaga maji yote ya Mungu kwenye makorongo, ikapita, sisi tukiwa bado kwenye chujio.

Mchungaji wetu alikuwa mgeni, mtu wa Nyanda za Juu Kusini, mfupi, mwenye haraka. Alikuwa akipanda vilima vyetu kama anafukuzwa. Jumapili moja, wakati wa matangazo, baada ya kutangaza ndoa na kabla ya kutangaza mbuzi aliyepotea, alisema, "Kamati ya Ujenzi imemaliza kazi yake, tunaishukuru sana. Fundi ataanza tangi Jumanne, hapa mbele, kushoto mwa mlango. Mbuzi ni jike, ana baka jeupe shingoni."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimemaliza kazi.

Nataka niwe wa haki. Halikuwa tangi peke yake. Mchungaji yule alibadilisha saa ya ibada ya kwanza bila kuwauliza wazee wa kanisa. Alimbadilisha mwalimu wa kwaya. Aliwahamisha watoto wa kipaimara kutoka Jumamosi kwenda Jumatano. Kila kitu tulikisikia kwenye matangazo, kikiwa kimeshatendeka. Ukimfuata na kumuuliza kwa nini baraza la wazee haliitwi, alikuwa akikushika mkono kwa upole na kusema, "Tutaliongea." Mpaka leo naamini kwamba huo haukuwa uongozi, na nitaendelea kuamini. Lakini nikisema kwamba ningesimama kidete vile kwa ajili ya saa ya ibada, mke wangu atacheka mpaka akae chini.

Nikaamua kupinga. Kuhama sikutaka. Babu yangu alibeba mawe ya msingi wa kanisa lile kichwani, na mimi nilibatizwa pale nikilia, kwa maelezo ya mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona kasoro. Nilijaribu mara moja tu kwenda kusali kwingine, kwenye kanisa jipya la turubai pale Himo. Walinisimamisha nijitambulishe. Nilipofika kwenye stashahada, mama mmoja alikuja mbio akaniwekea mkono kichwani, akaiamuru roho ya kiburi initoke. Nikaona wale watu wamenijua haraka mno. Jumapili iliyofuata nilirudi nyumbani kwetu.

Lakini nilirudi na msimamo. Niliacha nafasi yangu ya mbele, karibu na mama, nikahamia benchi la mwisho, lile la mlangoni. Na Jumapili ya Chakula cha Bwana, watu wote walipoinuka na kwenda mbele kupiga magoti, mimi nilibaki nimekaa, mikono kifuani, kidevu juu. Nilitaka mchungaji akiinua macho aone mabenchi yote matupu, na kule mwisho mtu mmoja asiyeyumba.

Kitu nilichosahau, labda kwa sababu ya kukaa Ulaya, ni kwamba benchi lile lina wenyewe. Ndipo wanapokaa waliotengwa na kanisa: binti aliyepata ujauzito kabla ya ndoa, mwanamume aliyeoa mke wa pili, mpaka watubu mbele ya usharika na kurudishwa mezani. Nilidhani watu watajua kutofautisha dhambi na msimamo. Hawakujua.

"Leo nimepewa pole tena," mke wangu alisema siku moja tulipotoka kanisani.

"Pole ya nini?"

"Ya yule mwanamke wako wa Himo."

"Mimi nina mwanamke Himo?"

"Wanasema ana duka la vitenge." Akafungua kitambaa cha kichwani, akakikunja vizuri. "Kama ni kweli, usirudi mikono mitupu."

Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba kueleza suala la baraza la wazee. Alinikataza. Alisema ya Himo yanaeleweka kuliko ya chujio.

Jirani yangu wa kihamba cha chini, Mkatoliki, mkulima wa kahawa, naye hakunisaidia. Tulikutana kwenye mfereji wa maji.

"Injinia," aliniita. Alijua nina stashahada tu, na alijua napenda kuitwa hivyo. "Nasikia umemsusia mchungaji wenu."

"Nimemsusia."

"Kwa hiyo Jumapili unakaa nyumbani?"

"Hapana. Nakwenda ibadani."

"Unamsusia kwa kuhudhuria."

"Nakaa nyuma."

Alifikiri, akiuchezesha mpini wa jembe. "Na sadaka unatoa?"

"Sadaka ni ya Mungu."

"Basi huyo mchungaji ana hali ngumu sana," alisema, akaendelea kuzibua mfereji.

Tangi nalo lilijengwa. Fundi alilijenga mbele, kushoto mwa mlango, kama lilivyotangazwa, bila chujio hata la kusingizia. Niliwaambia wote waliotaka kusikia, na wengine wasiotaka, kwamba litapasuka. Udongo wa pale ni wa kujaza, nilisema. Mzigo wa maji si mchezo. Kila Jumapili nilifika mapema kidogo, nikalizunguka tangi lile nimefunga mikono nyuma, nikiligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama daktari wa mgonjwa ambaye ndugu zake bado hawajaambiwa. Masika ikaja, likajaa. Kiangazi kikaja, watoto wa kipaimara wakachota, akina mama wakapikia maji yake kwenye misiba. Halikupasuka. Nikaanza kueleza kwamba saruji huweza kumdanganya mtu miaka ya mwanzo.

Aliyeumia katika msimamo wangu alikuwa mama. Sikuliona hilo mapema, kwa sababu nilikuwa natazama tangi.

Mama alikuwa na maumivu ya magoti na nyonga. Kwenda mbele aliweza, akijikongoja kwa benchi moja hadi jingine, na kupiga magoti madhabahuni aliweza. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Miaka ile nilipokuwa Bulgaria aliinuliwa na jirani yake wa benchi, mjane mmoja mwenye mikono ya nguvu. Siku zote hizo alikuwa akiwaambia wenzake wa umoja wa wanawake kwamba mwanawe akirudi ndiye atakayemshika mkono pale mbele. Nikarudi. Nikamshika mkono kwa muda. Kisha nikapata msimamo, na yule mjane akarudi kazini.

Mama hakunilaumu. Alisubiri jioni moja nilipompelekea sukari, akaanza kumenya ndizi za mtori bila kunitazama.

"Huyo mfupi wako alikuja juzi," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Matope mpaka magotini. Akanisomea zaburi, akaniulizia miguu."

"Ni kazi yake, mama."

"Ni kazi yake. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mjini, kwenye pampu."

"Nayo ni kazi yako." Ndizi ikaanguka kwenye sufuria. "Baba, mimi sijui mambo ya baraza. Pengine una haki. Marehemu baba yako naye alikuwa na haki siku zote, tulichoka naye. Ninalojua ni kwamba magoti haya hayana muda mrefu. Siku si nyingi mchungaji itabidi aniletee hicho kikombe hapa kitandani. Kabla ya hapo nataka nipige magoti pale mbele, na mkono utakaoniinua uwe wako."

"Mtu mwenye ugomvi hapaswi kwenda mezani, mama. Ni maandiko."

"Basi malizeni ugomvi."

"Yeye ndiye aanze. Aje aniombe radhi. Akija hata kesho, nitamaliza hata kesho."

Mama aliacha kumenya. "Akikuomba radhi, utamaliza?"

"Nimesema."

"Haya," alisema, akaomba nimsogezee kisu kingine, kile kilikuwa butu. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba nimemweleza msimamo wangu, ameuelewa.

Sikukuu ya Mavuno ilikuja kama wiki tatu baadaye. Kwetu siku hiyo kanisa hugeuka shamba. Umoja wa wanawake hulipamba Jumamosi kwa mikungu ya ndizi, matawi ya kahawa, miwa, maua, na juu ya mlango huweka upinde wa majani ya isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Kila Mchaga anajua kazi yake nyingine. Ukimkosea mtu, hata kosa zito la damu, unachukua jani la isale unampelekea. Huhitaji maneno. Na anayepelekewa hawezi kukataa. Akilipokea, neno limekwisha, na atakayelifufua atatazamwa vibaya na kilima kizima. Nimeona watu waliogombana miaka na miaka wakinyamazishwa na jani lile. Jambo hilo hata Bulgaria nililieleza, na Wabulgaria wakanywa kwa ajili yake.

Ibada ilipokwisha watu walitoka nje kwenye mnada wa mavuno. Mimi kwa kawaida nilitoka wa kwanza, wimbo wa mwisho ukiendelea, ili nisimpe mchungaji mkono pale mlangoni. Siku ile sikuweza. Mbele kabisa ya mlango mzee mmoja alikuwa akivutana na beberu wa mnada, na beberu alikuwa ameamua kuingia kanisani. Nikakwama nimekaa kwenye benchi langu, na watu wakajaa kunizunguka mpaka nisiuone mlango.

Ndipo nikamwona mchungaji anakuja moja kwa moja kwangu. Amevaa joho. Watu wanampisha. Mikononi, mikono yote miwili, ameshika fungu la majani ya isale, ameyanyoosha mbele. Akasimama mbele yangu, akanitazama, akanipa.

Kanisa zima liligeuka. Hata wale waliokuwa nje waligeuka. Wazee wa kanisa waliokuwa wanahesabu mikungu waliacha.

Nililisubiri jambo lile miaka miwili, na sikuwa mtu wa kulimaliza kimyakimya. Nikasimama. Nikapokea isale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikakohoa.

"Baba mchungaji," nilisema, kwa sauti ya kufika kwenye mnada, "nimekusamehe. Sikuwa na kinyongo. Mtu aliyesoma hana kinyongo, ana msimamo. Kukosea kumo kwa kila kiongozi, lakini kukubali kosa mbele za watu si kazi ya kila mtu." Nikaendelea kwa muda. Nilieleza umuhimu wa vikao. Nadhani nilifika mpaka kwenye chujio. Nilimalizia kwa kusema kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba kuanzia siku ile Kamati ya Ujenzi iko tayari kutoa ushauri wowote.

Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama anayesikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Asante," alisema. "Nashukuru sana. Ila nilikuwa naomba tu uyafunge tena pale juu ya mlango. Yameanguka. Nimeambiwa wewe ndiye mrefu."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka beberu alitumia nafasi ile kuingia.

"Wazee," nilisema, "mmesikia. Mchungaji hakukusudia. Ni mgeni, hajui maana ya isale. Kwa hiyo hapa hakuna kilichofanyika."

Mzee mkubwa wa baraza, ambaye mchungaji hakuwahi kumwita kwenye kikao hata kimoja na ambaye nilidhani tuko upande mmoja, alitikisa kichwa.

"Meku, mzee wangu, saidia," nilimwambia.

"Mchungaji hatukumwuliza anajua nini," alisema. "Tumekuona wewe ukipokea. Kwa mikono miwili. Na ukasema umesamehe, tena ulisema sana."

"Lakini hakuniomba radhi."

"Na wewe umemsamehe. Basi ni neema."

Mama mmoja wa kwaya alimnong'oneza mchungaji maana ya lile jani. Nilimwona akisikiliza, nyusi zikipanda. Akanigeukia, na kwa haki kabisa nasema hakucheka, ingawa shavu moja lilimcheza.

"Kumbe," alisema. "Basi nafurahi kusamehewa." Akaangalia juu. "Na majani tufanyeje?"

Nilipanda kwenye benchi la mlangoni, nikayafunga. Ni kweli mimi ni mrefu.

Mchana ule nilikwenda kwa mama kwa hasira. Nilijua nimeaibika, na nilitaka walau mtu mmoja akubali kwamba msamaha ule si halali. Nilikuwa nimeshaandaa hoja njiani: hakuna mapatano mahali ambapo mmoja hajui anapatana. Mama alikuwa ameketi kibarazani, amenyoosha miguu, bado amevaa nguo zake za kanisani.

"Nataka kujua," nilisema, "nani alimwambia yule mtu kwamba mimi ni mrefu."

"Mimi," alisema mama.

Hoja zangu zote zilisimama njiani.

"Yaliposhuka yale majani, alitaka kuyafunga mwenyewe, maskini, anarukaruka. Nikamwambia, baba mchungaji, mpe mwanangu pale. Mpe kwa mikono miwili, huku kwetu ndiyo heshima."

"Na majani yalishukaje?"

"Jumamosi niliyafunga mimi," alisema. "Mikono yangu siku hizi haina nguvu."

Nilimtazama. Alitazama migomba.

"Mama, umenidanganya mbele ya usharika mzima."

"Nimedanganya nini? Nimesema mpe majani. Amekupa. Sikukwambia upige hotuba." Akavuta kitenge magotini. "Nilidhani utapokea tu, unyamaze, yaishe. Hiyo ya Bulgaria uliileta mwenyewe."

Mke wangu aliposimuliwa alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda mrefu. Jirani yangu wa mferejini alinipa pongezi kwa kumaliza ugomvi, akaniuliza yule wa vitenge ameachwaje.

Ningeweza kuukataa msamaha ule. Watu wazima wenye akili hubadili mawazo, na mimi nilikuwa na hoja nzuri. Wiki nzima mjini nilizipanga nikiwa kwenye kaunta, nikiwauzia watu viungo vya mabomba visivyo saizi yao. Lakini kila nilipozimaliza nilimwona mama juu ya ngazi, usiku wa kuamkia sikukuu au Jumamosi mchana, sijui, na magoti yale, akifunga majani kwa namna ya kuanguka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Mchungaji alikuwa mlangoni, nikampa mkono kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Baba mchungaji," nilisema, "baraza la wazee linakaa lini?"

"Tutaliongea."

"Nimekusamehe. Sikusema nimeridhika."

"Najua," alisema. "Pita mbele, mama anakungoja."

Mama alikuwa ameweka mkoba wake kwenye nafasi yangu ili mtu asikae. Yule mjane alikuwa upande wa pili, akanipa nafasi bila neno, ila alinitazama mikono kama anayekabidhi chombo kwa mtu asiyeaminika. Benchi letu lilipoitwa, mama alinishika kiwiko. Tulikwenda polepole kiasi kwamba wimbo ulikwisha ukaanzwa tena. Nilisikia watu wakitazama. Nilitembea kidevu juu, kwa mazoea, mpaka mama aliponiambia nitazame chini, kuna ngazi.

Tulipiga magoti. Mchungaji alipita na mkate, kisha akapita na kikombe, na alipofika kwangu hakuharakisha. Kisha ikawa wakati wa kuinuka. Nilimvuta mama.

"Usivute," alininong'oneza. "Siyo pampu. Weka mkono chini ya kwapa, ungoje."

Nikaweka mkono chini ya kwapa, nikangoja. Ulipita muda. Wenzetu walikwisha kurudi kwenye mabenchi yao. Kisha nikahisi uzito wake wote umekuja mkononi mwangu, mdogo kuliko nilivyofikiri, akasimama.

Baada ya ibada alisema ana kiu. Nilitaka kumpeleka nyumbani, kwenye bomba langu la jikoni, lakini alikuwa ameshageuka kushoto. Mtoto wa kipaimara akamkingia maji ya tangi kwenye kikombe cha bati. Akanywa nusu, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa baridi, na hayakuwa na kasoro yoyote niliyoweza kuitaja.

"Vipi?" aliuliza.

Nilimrudishia mtoto kikombe, nikaligonga tangi kwa kifundo cha kidole.

"Bomba limewekwa chini mno," nilisema. "Mtu mzima anainama."

Mama alikubali kwamba hilo ni kweli, akanishika kiwiko, tukaanza kupanda kilima.